Mashujaa waliozidi kabati: Verna Ostendorf na jicho la Dokta Kutu

Saa mbili na robo asubuhi, Verna Ostendorf amekaa kwenye kiti cha kinyozi, mguu mmoja juu ya kikanyagio, na anapuliza jicho. Jicho lenyewe halizidi punje ya mtama. Amelipaka sasa hivi, nukta moja nyeusi, kwa brashi yenye nywele za kuhesabika, na anasubiri likauke kabla hajagusa la pili.

"La kwanza ni rahisi," anasema bila kuinua kichwa. "La pili ndilo linaloharibu uso."

Duka hili la barabara ya Montgomery, mjini Norwood, jimbo la Ohio, Marekani, lilikuwa la kinyozi hadi miaka sita iliyopita. Verna alipolipanga alimwomba mwenye nyumba asikitoe kiti, kwa kuwa kinapanda na kushuka, na mgongo wake wa miaka sitini na mitatu haupendi tena kuinama. Mbele yake kuna meza, taa, kioo cha kukuzia, na sinia ya kuokea mikate iliyojaa wanasesere wa kimo cha kidole: mmoja hana mkono, mwingine ametafunwa kichwa na mbwa, wa tatu, ambaye sasa yuko mkononi mwake, alifutika uso kwa sababu bwana mmoja wa Toledo alimbeba kwenye kibeti chake kwa miaka thelathini.

Mlangoni amesimama mwanasesere mwingine, wa plastiki kama wale wa kwenye sinia, ila huyu anafika magotini mwa mtu. Ana koti la rangi ya kutu na nywele za waya. Jicho lake la kushoto limepanda juu kuliko la kulia, naye anautazama mtaa kama mtu aliyeulizwa hesabu ya kugawanya mbele ya darasa.

"Huyo ndiye aliyetufungia kampuni," Verna anasema. Kisha anaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaweza kusikika, "Maskini, si kosa lake."

Verna aliingia kiwanda cha wanasesere cha Ruttan, kando ya reli, mwaka 1982, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Kiwanda kilikuwa kinatoa mfululizo ulioitwa Mashujaa wa Kilima Radi: Jemadari Nyundo, Bibi Tai, Dokta Kutu na wenzao ishirini, kila mmoja sentimita kumi tu. Yeye alikuwa miongoni mwa wanawake waliopaka nyuso za vielelezo. Kielelezo kimoja kikikubaliwa, mashine zilikinakili mara laki kadhaa.

Mwaka uliofuata alipewa uso wa Dokta Kutu, adui mkuu wa Kilima Radi. Siku hiyo alikuwa na mafua.

"Nikapaka la kulia vizuri kabisa. Nilipofika la kushoto nikapiga chafya," anasimulia. "Nikasema nitalifuta baada ya chakula. Kurudi mezani, kielelezo hakipo. Msimamizi ameshakichukua, kimekwenda."

Hakumwambia mtu. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kodi ya nyumba. Nikanyamaza."

Dokta Kutu akatoka hivyo hivyo, na watoto wakampenda kuliko mashujaa wote. Kwa kimo kile, jicho lililopanda lilionekana kama ujanja. Kila duka lililopokea sanduku la Mashujaa, yeye ndiye aliyekwisha kwanza. Verna alikuwa akimwona kwenye mikono ya watoto ndani ya basi na kugeuza uso dirishani.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1988. Verna akaenda kupika katika shule ya msingi, akakaa huko miaka ishirini na sita, akikoroga mchuzi wa watoto mia nne kila siku ya shule. Alidhani mambo ya macho yamekwisha.

Ndipo mwaka 2014 akaja Curtis Wempe. Alikuwa na miaka thelathini na saba, mfanyabiashara wa vipuri vya magari aliyeuza sehemu yake ya biashara ili anunue jina la Mashujaa wa Kilima Radi. Alimkuta Verna jikoni, kavaa aproni, akatoa leso mfukoni, na ndani ya leso alikuwamo Dokta Kutu.

"Bi Verna, nimeambiwa mikono yako ndiyo iliyowapa hawa nyuso," alisema.

"Baadhi yao," Verna alijibu.

"Nataka kuwarudisha. Njoo tufanye kazi."

Mshahara aliotajiwa ulizidi wa jikoni kwa theluthi moja. Verna akavua aproni mwisho wa muhula.

Curtis alikodi ghala karibu na kiwanda cha zamani cha bia, akaajiri watu kumi na mmoja. Mmoja wao ni Odell Prewitt, mkuu wa ghala, mtu wa maneno mengi na mgongo wenye nguvu, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita Verna dada na hajaacha kumtania mpaka leo.

Masika ya 2015, Curtis aliwaita wote kuona kielelezo cha kwanza. Kilikuwa chini ya kitambaa. Alipokifunua, watu waliguna. Jemadari Nyundo alikuwa na sentimita arobaini na sita, uso uleule, mkanda uleule, kila kitu kimepimwa kwa mashine kutoka kwa yule mdogo na kukuzwa bila kuongeza wala kupunguza.

Verna alimwinua kwa mikono miwili.

"Huyu mtu atakaa wapi?" aliuliza.

"Atakaa popote, Bi Verna. Huoni alivyo mzuri?"

"Namwona. Ndiyo nauliza atakaa wapi."

Curtis hakukasirika. Alikuwa na sababu, na Verna anakiri mpaka leo kwamba haikuwa sababu ya kijinga. "Nilipokuwa na miaka sita, Nyundo alinijaa mkononi," aliwaambia. "Leo namshika, amepotea kwenye vidole. Nataka mtu mzima amshike na ajisikie vilevile alivyojisikia zamani."

"Sasa huyu unamshika vipi?" Odell aliuliza. "Huyu unamkumbatia. Mimi mwenyewe naona nimuulize jina la mama yake."

Watu walicheka, Curtis naye akacheka, na kazi ikaanza. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, lakini nani angesema hivyo siku ile, wakati kila mtu ana mshahara mpya na ghala linanukia rangi?

Mwanzo ulikuwa mtamu. Jemadari Nyundo, kwa dola tisini na tano, aliuzwa kwa watu elfu tatu katika wiki tano. Curtis alileta keki. Aliagiza wanasesere wengine watano kwa mpigo, kila mmoja kwa idadi ileile, na kalibu zao za kumiminia plastiki zikalipiwa kabla hata wa pili hajatoka.

"Hapo ndipo tulipojidanganya," Verna anasema. "Watu elfu tatu walinunua mmoja. Sisi tukadhani ni watu elfu tatu wanaotaka sita."

Wa pili alikuwa Bibi Tai. Waliuzwa mia tisa. Wa tatu hakufika mia nne.

Kwa kuwa kazi ya rangi ilikuwa inafanyika ng'ambo na yeye alikagua tu, Verna alipewa pia simu ya wateja. Ni kwenye simu hiyo alikojifunza, anasema, zaidi ya mkutano wowote. Anamkumbuka hasa Dwight Gantner wa Dayton, seremala, aliyepiga kuomba arudishe mzigo.

"Amevunjika?" Verna alimuuliza.

"Hajavunjika, mama. Tatizo ni rafu. Rafu zangu zina sentimita thelathini, nimezitengeneza mwenyewe. Huyu bwana wenu ana arobaini na sita."

"Umejaribu kumlaza?"

"Nimemlaza. Anaonekana amekufa. Mke wangu amemwekea ua kifuani."

Verna alicheka hadi Odell akaja kuuliza kuna nini. Lakini alipokata simu aliandika kwenye daftari: rafu. Wiki hiyohiyo aliandika mengine. Mkusanyaji mmoja hafungui sanduku kamwe, na sanduku la huyu lilikuwa kama la televisheni. Mwingine alitunza ngome na magari ya kuchezea ya Mashujaa wa zamani, akawa na ngome ambayo mkazi wake hawezi kuingiza hata mguu. Mwingine alimweka Nyundo sebuleni, na kila akitoka chumbani asubuhi alishtuka akidhani kuna mtu.

Alimpelekea Curtis lile daftari. Curtis alilisoma lote, akashukuru, akasema wakija wote sita watu watazoea.

Kisha likaja joto la Julai. Miguu ya wanasesere ilikuwa na uwazi ndani, ili wawe wepesi kusafirisha, na kiwiliwili kilikuwa kizito. Ndani ya magari ya posta na kwenye vyumba vya juu, magoti yakaanza kulegea. Mashujaa wakapiga magoti mmoja baada ya mwingine. Wateja walituma picha, na kwenye mitandao wakapewa jina la Waumini.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila Verna hakuwa na muda wa kumkumbusha mtu methali. Alinunua mafagio, akakata mipini, akapasha miguu maji ya moto, akaichomeka vijiti toka kisiginoni hadi pajani. Alirekebisha zaidi ya mia tano kwa mkono. Odell alimshikia miguu huku akilalamika.

"Dada, nimesomea udereva mimi."

"Shika vizuri, wacha maneno."

"Nashika. Nasema tu kwamba mama yangu anawaambia watu kanisani niko kwenye sanaa."

Wa sita, na wa mwisho, alikuwa Dokta Kutu. Curtis alikuwa amemtunza makusudi kama mtu anavyotunza kipande kitamu cha mwisho. Verna, kwa upande wake, alikuwa akiiogopa siku hiyo tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua.

Sanduku la kwanza lilipofunguliwa, Odell alimsimamisha Dokta Kutu juu ya meza na wote wakasogea. Nukta ile ya chafya, iliyokuwa kama punje, sasa ilikuwa na upana wa kifungo cha koti. Ujanja wote ulikuwa umekwisha. Aliyebaki ni mtu mpole, mwenye mshangao, asiyejua kilichomleta.

"Anaonekana kama mjomba wangu Virgil akitafuta miwani," Odell alisema.

Wakusanyaji waliokuwa wameagiza mapema walifuta oda zao walipoona picha. Kati ya elfu tatu waliotengenezwa, mia mbili na sitini waliuzwa.

Machi 2018, Curtis aliwakusanya wafanyakazi akawaambia kampuni inafungwa. Mkataba wa ghala ulikuwa umebakiza wiki tatu, na mshahara wa mwezi huo hakujua atautoa wapi. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa ameuza hata gari lake, na kila mtu alimwona akija kwa baiskeli.

Wengine walipotoka, Verna alibaki. Alikuwa amebeba chakula cha mchana, tambi na chili, yaani mchuzi wa nyama ya kusaga, juu yake, jibini tele, kwenye makopo mawili. Walikula wakiwa wamekaa juu ya masanduku, na katikati ya tonge Verna akasema alichokuwa amekibeba miaka thelathini na mitano.

"Curtis, lile jicho ni langu."

"Jicho lipi?"

"La Kutu. Halikukusudiwa kuwa vile. Nilipiga chafya mwaka themanini na tatu, nikanyamaza. Ningekuambia mapema ungelinyoosha, na huenda tungepona."

Curtis aliweka uma chini. Mabega yakaanza kumtikisika, na Verna akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Bi Verna, kiwanda cha ng'ambo kiliniandikia mara mbili. Waliuliza kama ni kosa. Walikuwa tayari kulinyoosha bure. Nikawajibu wakiligusa tu, mkataba umekwisha."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Tulikuwa tumehamia hapa toka Kentucky, sikuwa na rafiki hata mmoja. Kila asubuhi kabla ya shule nilimtazama, naye akanikonyeza. Nilikuwa na hakika ananikonyeza mimi peke yangu, kwamba tuna siri."

Verna alikuwa ameficha chafya kwa miaka thelathini na mitano, na kumbe kuna mtoto aliyeifanya rafiki. Alimwongezea Curtis jibini, wakaendelea kula.

"Akiwa mdogo alinikonyeza," Curtis alisema baadaye, akimwangalia yule mkubwa. "Akiwa mkubwa anamshangaa kila mtu."

Walibaki na wanasesere elfu kumi na mbili na ushee, na mtu wa kusaga plastiki alikuwa ameshapanga siku ya kuja. Lakini Odell, ambaye hapendi kuona kitu kizima kikisagwa, aliwachukua kumi na wawili wenye vijiti miguuni akawapeleka kwa shemeji yake anayelima stroberi kule Clermont. Vijiti vilichomoza kisiginoni, kwa hiyo walichomekeka ardhini bila shida. Alikuwa anatania tu, anasema. Mwezi Mei, wakati wa matunda, alimpigia simu Verna.

"Dada, ndege hawaji."

"Hawaji wapi?"

"Kwenye stroberi. Nyundo wanamkalia kichwani, wanamnyea. Lakini mistari ya Kutu hawaikaribii."

"We Odell, niache."

"Njoo uone mwenyewe. Na uje na kofia, huku jua kali."

Verna alikwenda. Aliwakuta madokta watano wamesimama kwenye majani mabichi, kila mmoja na mshangao wake, na stroberi zimeiva chini yao bila kudonolewa. Alisimama pale akicheka hadi akashika kiuno. Curtis anashikilia kwamba ni mng'ao wa rangi unaotisha ndege, si jicho. Wakulima hawakuuliza.

Mtu wa kusaga alikuwa tayari amewachukua wengine, lakini Dokta Kutu wote walikuwa wamehifadhiwa kwenye banda la shemeji yule, kwa kuwa Curtis hakuweza kuwatoa wasagwe. Kiangazi kile na kilichofuata, Odell aliwauza kwa wakulima wa stroberi na mahindi, dola nane mmoja. Hela ilitosha kuwalipa wote kumi na mmoja mshahara wa mwezi ule wa mwisho, hata kama ulichelewa. Odell alipeleka bahasha nyumba kwa nyumba kwa mkono wake.

Leo Curtis anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi na Jumamosi huja kumsaidia Verna kufungua barua. Kazi ni nyingi. Watu wa Ohio, Indiana na kwingineko hutuma wanasesere wao wa utotoni, na Verna huwarudishia macho kwa dola kumi na nne jozi moja. Kwa mwezi hupata takriban dola elfu moja na mia tisa, juu ya pensheni ya jikoni. Dwight Gantner, yule seremala wa rafu, ni mteja wake wa kudumu.

Wateja hupenda kumuuliza kwa nini wale wakubwa walishindwa. Curtis husema ni bei. Odell husema ni magoti. Verna husafisha brashi kwanza.

"Mtoto hana amri popote," anasema. "Nyumbani anaamriwa, shuleni anaamriwa. Lakini huyu mdogo yeye ndiye anayemwamuru: panda, anguka, kufa, fufuka. Hiyo ndiyo raha wanayoikumbuka. Ukimletea mtu kitu kinachomkodolea macho toka juu ya meza, umemletea mkubwa mwingine tu wa kumwogopa."

Analipaka jicho la pili. Anashika pumzi, anagusa mara moja, anainua brashi. Limekaa sawa na mwenzake. Bwana wa Toledo atafurahi.

Oktoba hii, Verna, Curtis na Odell wamekodi meza kwenye maonyesho ya wakusanyaji ya Dayton. Watapeleka mwanasesere mpya, wa kwanza ambaye Verna amembuni mwenyewe toka unyayo hadi utosi: mpishi wa shule, mwenye upawa mkononi na kofia ya wavu, sentimita kumi. Wameanza na mia mbili, na kila uso utapakwa na mkono wake. Wakiisha, anataka kumtengenezea sufuria.

Uso ameuchukua kwa Loretta Haas, aliyepika naye jikoni miaka ishirini na ambaye bado hucheza naye karata kila Alhamisi. Anayeuliza kama Loretta ameombwa ruhusa anajibiwa mara moja.

"Amekubali, ila amenipigia simu mara tatu wiki hii. Anataka apunguzwe kidevu," Verna anasema, akivuta kichwa kingine kidogo chini ya taa. "Nimemwambia, Loretta, tulia. Kwa kimo hiki una kidevu cha msichana."